Madam na Kioo cha Lori

Mara ya kwanza Madam kunisemesha, aliniuliza kama nilikuwa nimeyaangalia makalio yangu siku hiyo.

Hakunisalimia kwanza. Aliingia wodi ya wanaume akijisukuma kwenye kiti cha magurudumu, sweta ya buluu imefungwa vifungo vyote, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Akavipita vitanda vitatu bila kugeuza shingo, akasimama kwangu. Mimi nilikuwa katika wiki ya sita ya kuutazama ukuta. Jiwe la machimboni Lukenya lilikuwa limenivunja mgongo, chini kidogo ya mbavu, na daktari alikuwa ameniambia kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni kwamba miguu huenda isirudi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Sikuwa na haja ya kuzungumza makalio na mama wa watu.

"Nimekuuliza," akasema.

"Bado, Madam," nikajibu. Sijui kwa nini nilimwita hivyo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kazi yake. Ile sauti ilitosha.

"Basi sikiliza. Mimi nimefundisha miaka ishirini na minne na sina hamu ya kuyaona. Ni yako. Yaangalie mwenyewe."

Akaniwekea juu ya blanketi kioo cha pembeni cha lori, kile kirefu, kimefungwa kwa waya kwenye kipande cha mpini wa jembe. Akanielekeza namna ya kujilaza ubavu, kukipitisha nyuma na kutafuta mahali palipobadilika rangi, au panapowaka joto, au palipokuwa pagumu kuliko jana. "Ukiona alama isiyoondoka, hapo hupakalii wala hupalalii mpaka iondoke. Ngozi yako huko chini haikuambii kitu tena. Macho ndiyo yatakayokuambia."

Akageuza kiti, akaenda zake. Jirani yangu wa kitanda, taniboi wa lori aliyevunjika paja, alicheka mpaka nesi akaja kuuliza kama amezidiwa. Nami nikacheka. Nilishtuka kujisikia, maana sauti hiyo nilidhani imebaki chini ya lile jiwe.

Kila mtu hospitalini alimwita Madam, kwa sababu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Muthetheni na hakukubali kwamba kuvunjika uti wa mgongo kunamwondolea mtu cheo. Aliumia mwaka mmoja kabla yangu. Alikuwa ameshatolewa hospitalini, lakini kila Jumanne alirudi mjini kwa mazoezi, na akimaliza mazoezi yake alizunguka wodi akiwafundisha waliovunjika wapya. Hakuajiriwa na mtu. Nesi mkuu alijaribu kumzuia wiki mbili za kwanza, kisha akaanza kumwekea chai.

Vile vioo alivitoa gereji. Nilikuja kusikia baadaye kwamba mafundi wa magari mjini walikuwa wakimwona anakuja, wanavificha vioo chini ya mabati. Haikusaidia. Alikuwa akikaa hapo mlangoni, anawatazama wakifanya kazi, anauliza mmoja mmoja alisoma shule gani, na kufikia saa sita kioo kimepatikana.

Kiswahili hiki ninachoandika ni chake. Mimi nilifika hospitalini na Kiswahili cha machimboni, kile chetu cha Ukambani ambacho kila kitu "kiko na" kitu. Siku moja katika chumba cha mazoezi nilimwambia Fizio, yule bwana mrefu aliyetunyoosha viungo, "Niko na uchungu kwa bega."

Madam alikuwa upande wa pili wa chumba, anavuta kamba za mazoezi ya mikono. Hakuacha kuvuta.

"Una maumivu begani," akasema. "Uchungu ni wa kuzaa. Wewe unatarajia lini?"

Kuanzia hapo akaniita Wewe wa Mawe, na kila neno langu likawa mtihani. Hata madaktari hawakupona. Daktari mmoja kijana alimshika viganja, akageukia wanafunzi wake, akasema, "Hizi mkono ziko na nguvu sana."

"Mikono hii ina nguvu sana," Madam akamwambia. "Nashukuru kusikia, daktari. Endelea na miguu, nako usikosee ngeli."

Ila akikasirika kwelikweli, Kiswahili chote kilimtoka, akabaki na Kikamba peke yake. Siku gurudumu lilipombana kidole cha mkono, chumba kizima kilijifunza maneno ambayo hatukuyatarajia kwa mama aliyeongoza kwaya ya kanisa. Alipomaliza aliweka miwani machoni, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Hamkusikia kitu."

"Hatukusikia, Madam," tukajibu kwa pamoja, watu wazima saba.

Mwili wake aliuendesha kwa ratiba ya shule. Alikuwa na saa ya mkononi ya kiume yenye kengele, na kengele ikilia, alishika magurudumu kwa mikono miwili, akajiinua kitini mpaka viwiko vikanyooka, akahesabu kimyakimya, akashuka. Kila robo saa. Angeweza kuwa katikati ya sentensi, au katikati ya sala. Usiku aligeuzwa kila baada ya saa mbili. Mpira wa mkojo, ule mwembamba ambao mtu hujifunza kuuingiza na kuutoa mwenyewe, ulikuwa kila baada ya saa nne, na mikono ikioshwa kabla, si baada tu. Choo kilikuwa asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, uji ukishanywewa.

"Tumbo ni kama darasa la kwanza," alituambia wanaume tuliokaa mbele yake tukitamani sakafu ipasuke. "Halielewi maelezo. Linaelewa kengele. Lipigie kengele ileile kila siku, baada ya miezi miwili litapanga foleni lenyewe."

Mzee mmoja wa Katangi, aliyeanguka kutoka paa la zizi, aliinua mkono akauliza kama lazima mambo hayo yasemwe mchana.

"Baba," akamjibu kwa adabu, "wewe ulijiendea haja kitandani mara tatu wiki hii. Hiyo ndiyo iliyosemwa na watu mchana. Haya ninayokuambia mimi ni ya kukutoa huko."

Yule mzee aliinamisha kichwa. Ila mwezi uliofuata ndiye aliyekuwa akiwauliza wageni wapya kama wameosha mikono.

Mimi alinikemea bila mzaha mara moja tu. Nilikuwa nimerudi kutoka jikoni na sahani ya muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, imetoka tu motoni, nikaiweka mapajani ili mikono iwe huru kusukuma kiti. Nilifika wodini nikala vizuri. Nilipoiondoa sahani, ngozi ya paja ilikuja nayo. Sikuwa nimehisi kitu. Nilikaa nikiutazama mguu wangu kama mzigo wa mtu mwingine ulioachwa kwangu, na hapo ndipo nilipoelewa, kuliko siku daktari aliponiambia, jambo lililonipata.

Madam alikuja Jumanne akaiona bendeji. Nilingoja mzaha.

"Paja si meza," akasema. Kisha akasogeza kiti chake karibu. "Mimi nilijimwagia chai. Nilikuwa naongea na wageni. Wao ndio waliopiga kelele." Akaikunja sketi yake kidogo juu ya goti, akanionyesha kovu lenye umbo la jani. Akaishusha. "Hilo hukuliona."

"Sikuliona, Madam."

Mtu angedhani mwanamke wa ratiba kama huyo ni wa tahadhari pia. Sivyo. Kutoka chumba cha mazoezi hadi lango la hospitali palikuwa na mteremko mrefu wa lami, wenye kona moja, na Fizio alituagiza tuushuke tukiwa tumesukumwa na mtu, mikono kwenye breki. Madam alilisifu agizo hilo mbele ya kila mgonjwa mpya. Halafu Fizio akiingia ndani kunywa chai, alijiachia. Nimemwona kwa macho yangu akiushuka mteremko ule na sweta imejaa upepo, akiwapigia kelele wauza ndizi wahame njia, viganja vikigusa magurudumu pale konani tu. Chini alisimama, akajipanga nywele, akatungoja kwa uso wa mtu aliyeletwa polepole.

"Madam, umetuambia tusifanye hivyo," nikamwambia.

"Nimewaambia ninyi," akasema.

Siku ya pasta siisahau. Alikuja pasta mmoja na waumini wake kuombea wodi, akasimama mbele ya Madam, akaweka mkono juu ya goti lake na kuamuru miguu isimame. Sasa, misuli ya mtu aliyevunjika uti wa mgongo hushtuka yenyewe. Huweza kuruka kwa baridi, kwa kibofu kujaa, kwa kuguswa tu. Mguu wa Madam ukaruka ukampiga pasta kwenye mfuko wa koti. Waumini wakapaza sauti, mama mmoja akaanza wimbo, na pasta mwenyewe, nadhani, ndiye aliyeshangaa zaidi.

Madam aliungoja wimbo uishe ubeti wa kwanza.

"Pasta," akasema, "asante kwa maombi. Ila huu mguu huruka hata nikisikiliza taarifa ya habari."

Tulicheka jioni nzima. Lakini waumini walipokwisha kuondoka, na taniboi alipoacha kumwigiza pasta, Madam alijisukuma mpaka kando yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Wewe uliona ni upi ulioruka?"

"Wa kulia."

"Kawaida huruka wa kushoto," akasema. Kengele ya saa yake ikalia, akajiinua, akahesabu, akashuka. Hatukulizungumza tena.

Jinsi alivyoumia, alikuwa na hadithi nne. Wanafunzi wake waliambiwa alikuwa akimfukuza chui aliyetaka kula daftari za darasa la tatu. Wakubwa wa elimu waliambiwa ni ajali kazini, bila zaidi. Wagonjwa wa wodi waliambiwa ni lori. Watu wa kanisa waliambiwa Mungu ndiye ajuaye, kwa sauti iliyofunga mjadala. Mimi nilikaa miaka miwili na hadithi ya lori kabla ya kupewa ile ya kweli, nayo alinipa siku nilipokuwa nikimbadilishia matairi ya kiti, maana kufikia hapo nilikuwa nimefungua kibanda changu mjini cha kutengeneza viti vya magurudumu kwa vipuri vya baiskeli. Mtu akiwa amekaa juu ya kitanda na kiti chake kiko vipande mikononi mwako, husema mengi.

Shuleni kulikuwa na mlinzi, mtu wa makamo waliyemwita Soja. Kabla ya mvua za Novemba, Madam alimwagiza apigilie bati lililolegea juu ya darasa la nane. Soja akarudi akasema amepigilia, misumari sita. Madam hakuamini. Hakuwa na sababu. Alikuwa tu hajawahi kuamini kazi ambayo hakuiona. Ngazi ilikuwa imeazimwa na kanisa, hivyo akaweka kiti juu ya meza, akapanda na viatu vyake vya ofisini.

"Nikahesabu misumari," akaniambia. "Ilikuwa sita. Imepigwa sawasawa. Nikasema, kumbe. Halafu kiti kikaondoka."

Soja ndiye aliyemwokota. Na tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi, Soja alikuja kumwona na chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, akakaa dakika kumi na kofia magotini, akaondoka. Alijilaumu kwa ile ngazi. Alisema angekuwa amelikatalia kanisa, Madam angekuwa anatembea. Naye Madam, aliyemsahihisha daktari mbele ya wanafunzi wake, kwa miaka yote hiyo hakulisahihisha hilo.

"Kwa nini usimwambie?" nikamuuliza.

"Nimwambie nini? Kwamba nilivunjika nikihakiki kazi nzuri?"

Nikaendelea na tairi. Nilijua maswali yamekwisha.

Shuleni alirudi kwa nguvu. Wakubwa wa elimu walimwandikia barua ya heshima wakimuuliza kama asingependa kupumzika kwa sababu za afya, naye akajibu kwamba kazi yake haijawahi kufanywa na miguu. Wazazi wakamjengea mteremko wa saruji mpaka mlango wa ofisi. Alikagua usafi wa kucha akiwa kitini na kusema kwamba sasa ndiyo anaziona vizuri, kwa kuwa ziko mbele ya macho yake. Watoto waliochelewa walidhani hatawafikia, mpaka walipojua kwamba uwanja mzima una mteremko na yeye hana breki.

Ila yale mambo yake mengine, yale ya kengele, huko shuleni yalianza kumwaibisha. Wodini wote tulijiinua. Shuleni alikuwa peke yake. Nadhani aliona kwamba kila anapojiinua mbele ya mgeni anamkumbusha ile barua.

Siku ya wazazi alinialika nikae meza kuu, ili watu waone fundi. Nilivaa tai ya kuazima. Sherehe ilianza saa tatu asubuhi. Kulikuwa na kwaya, mashairi, maigizo mawili, na hotuba za wageni ambao kila mmoja alianza kwa kusema hana mengi. Mimi nilijiinua kila robo saa kama nilivyofundishwa. Madam hakujiinua hata mara moja. Nikamtazama, akanijibu kwa jicho la kuniambia kwamba mgeni wa heshima anazungumza. Saa yake haikulia. Baadaye nilijua aliizima kengele.

Saa nane na kitu nikaona jasho kwenye paji la uso wake. Matone makubwa, na siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Uso ulikuwa umemvimba kwa joto, vinyweleo vya mikono vimesimama. Akafumba macho kama mtu anayepigwa na jua. "Kichwa," akasema, "kinapasuka." Walimu wakambeba haraka mpaka chumba cha walimu.

Nikawafuata nikakwama. Mteremko ulijengwa ofisini kwake. Mlango wa walimu ulikuwa na ngazi mbili. Nikabaki nje, na kupitia mlangoni nikamwona naibu wake akimlaza kwenye benchi. Mmoja anasema ni malaria, mwingine anasema ni presha, apewe hewa, alale.

"Msimlaze," nikasema. Hakuna aliyegeuka. Nikapiga mlango kwa spana niliyokuwa nayo mfukoni. "Msimlaze! Mkalisheni wima, sasa hivi. Mlegezeeni nguo."

Kuna jambo Madam alilotufundisha sisi sote na hatukulipenda: waliovunjika juu, kifuani kama yeye, kibofu kikijaa au kidonda kikichoma huko chini wasikohisi, mwili hupiga kelele kwa njia nyingine. Presha hupanda ghafla, kichwa huuma, jasho hutoka. Ukimlaza inazidi, na mshipa unaweza kupasuka kichwani. Nilihesabu saa. Alikuwa amekosa mpira mara mbili.

"Lazima mkojo utolewe," nikasema kutoka kwenye ngazi, na sauti yangu ikafika mpaka kwa wazazi.

Wakamkalisha. Alifumbua macho akanitafuta. "Wewe wa Mawe," akasema kwa shida, "usiniaibishe mbele ya wazazi."

"Madam, umekosa vipindi viwili."

Akanitazama. Kisha akaelekeza kidole kwenye mkoba wake. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama mnene mpole, akawatoa wanaume wote na kufunga mlango, nami nikakaa nje nikimtajia hatua kupitia ufa wa mbao, nikianzia kuosha mikono. Sijawahi kuomba kama nilivyoomba dakika zile. Hatimaye nikaisikia sauti ya Madam ndani, dhaifu, ikimwambia yule mama kwamba mpira haushikwi namna hiyo, na nikajua yuko hai.

Yule mama alipotoka hakuwa na furaha. Aliniinamia.

"Baba, kuna kidonda," akasema. "Pale anapokalia. Kinatosha kiganja cha mtoto, na kina shimo."

Usiniulize niliona nini kichwani. Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyekufa kwa kidonda. Mgongo hauui, hukupa kiti tu. Kidonda ndicho huua.

Alikuwa nacho wiki tatu. Nilimuuliza hospitalini, homa ilipompa nafasi, kwa nini yeye, mwenye vioo kuliko gereji, hakujiangalia.

"Niliacha kuangalia," akasema. "Niliogopa nikikiona nitalazimika kulala. Na darasa la nane lina mtihani."

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa mbaya. Uchafu ulikuwa umeingia damuni, na daktari aliwaita watu wa kwao. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea Kiswahili kibovu, cha homa, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Kisha joto likashuka. Kikabaki kidonda, na kidonda kina dawa moja iliyo kubwa kuliko nyingine zote, nayo ni kutokikalia. Miezi minne Madam alilala kifudifudi.

Fizio alimpangia mito ili uso wake ubaki ukingoni mwa kitanda, ukitazama sakafu. Chini yake tukaweka stuli, na juu ya stuli insha za darasa la nane, naye akazisahihisha huku mkono ukining'inia. Alijifunza kutujua kwa viatu. "Nesi, hicho kisigino kimeisha." "Wewe wa Mawe, rimu ya kushoto imepinda, na wewe ndiye fundi."

Soja alikuja mwisho wa mwezi na chupa yake. Nilikuwepo. Alisimama mbele ya ile stuli, buti za mpira zimeoshwa, hajui aiweke wapi kofia. Akaanza ile yake ya ngazi ya kanisa.

"Soja," Madam akasema kwa zile buti, "keti."

Hakukuwa na kiti. Akachuchumaa, na hivyo uso wake ukaingia mahali Madam alipoweza kuuona. Sidhani Madam alikuwa amelipanga hilo.

"Misumari ilikuwa sita," akasema.

"Ndiyo, Madam. Sita."

"Niliihesabu. Ilikuwa imepigwa vizuri. Nilipanda kwa sababu sikukuamini, na ulikuwa umesema kweli. Ngazi haihusiki. Kosa ni langu, na nimekuacha ulibebe. Nisamehe."

Soja alitazama sakafu. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa Kikamba.

"Ningeongeza wa saba," akasema mwishowe, "ungehesabu mpaka saba."

Madam alicheka mpaka mito ikasogea, nesi akaja kugomba. Machozi yalidondokea insha ya mtu, na kwenye ile karatasi, nikiokota, niliona alama ishirini na sita zimetiwa maji.

Kidonda kilifunga. Darasa la nane lilifanya vizuri kuliko mwaka uliotangulia, na Madam alisema ni kwa sababu hakuwepo kuwasumbua. Hatukujua kama anatania. Alirudi, akafundisha miaka miwili mingine huku kengele ikilia hadharani, mbele ya mgeni yeyote, kisha akastaafu kwa barua aliyoiandika mwenyewe. Figo ndizo zilizomchukua hatimaye, katika masika ya mvua nyingi. Mimi nilikuwa nimeshaagana naye bila kujua, miezi michache kabla.

Ilikuwa Februari, mchana wa joto. Fizio alikuwa amebembeleza hoteli moja nje ya mji, barabara ya kwenda Lukenya, ituachie bwawa lao kwa saa mbili siku isiyo na wageni. Tulikwenda sita. Mimi niliitwa kwa ajili ya viti, na nilikuwa nimeapa kubaki na viti. Sisi ni watu wa nchi kavu. Madam, aliyekaribia miaka sitini, alikiri kwamba hajawahi kuingia kwenye maji yanayozidi karai.

Alivaa vazi la kuogelea la kuazima, la rangi ya chungwa, na juu yake fulana ya kwaya. Alimuuliza Fizio kina cha bwawa, joto la maji, na ni watu wangapi wameshazama humo. Alihakikisha kila mtu ametoa mkojo. Kisha Fizio na mhudumu mmoja wakamteremsha, Fizio akampitishia mkono mgongoni na kumlaza chali juu ya maji, naye akawa ameshika shati la Fizio kwa ngumi mbili.

Halafu miguu ikapanda. Polepole, ikaja juu yenyewe, miwili pamoja, vidole vikatokeza nje ya maji.

Madam aliinua shingo akaviangalia.

"Hiyo ni yangu?" akauliza.

"Ni yako, Madam," Fizio akasema.

Akaitazama tena. Ngumi moja ikaachia shati, halafu ya pili.

"Toa mkono," akasema.

"Bado kidogo, Madam. Uzoee kwanza."

"Nimesema utoe."

Fizio alinitazama mimi niliyekuwa ukingoni, kana kwamba ningemsaidia. Akautoa mkono kidogo kidogo, kidole kwa kidole, akarudi nyuma hatua moja. Madam hakuzama. Fulana ilijaa maji ikafunguka pande zote, mikono akaitandaza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa akimfundisha mtu yeyote kitu chochote. Aliliacha bwawa limpeleke, likamzungusha polepole mpaka kichwa kikaelekea upande wa milima.

Saa mbili zikaisha. Mhudumu akaja na taulo. Fizio akamwita mara moja, akamwita tena, kisha mara ya tatu kwa sauti kubwa kidogo. Masikio yake yalikuwa chini ya maji na macho yamefumbwa juani, kwa hivyo labda hakusikia. Lakini nilikuwa karibu, na niliuona mkono wake mmoja ukipiga kasia, taratibu, kuelekea mbali na ukingo.

"Mwache," nikamwambia Fizio.